Uzi maalumu: Tabora Boys tangu 1922, ilifundisha nini, ilimlenga nani, na nafasi zinapatikanaje leo

#1 Mwana_Isevya

Wakuu, kila matokeo yakitoka jina la Tabora Boys, sekondari ya wavulana ya serikali mjini Tabora, hurudi jukwaani, na maelezo huwa yale yale: shule ya machifu, alisoma Nyerere, basi. Nimeona tuweke uzi mmoja wenye nyama. Hoja yangu ni moja: shule hii haijawahi kuwa na mtaala wake yenyewe. Kila zama serikali iliyokuwepo iliamua inataka mtu wa aina gani, kisha ikamfinyanga pale. Ukitaka kujua dola ilikuwa inawaza nini, angalia kilichokuwa kinafundishwa Tabora.

Tuanze na Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikabidhiwa Tanganyika chini ya Shirikisho la Mataifa, wakakuta Wajerumani wameacha utaratibu wa maakida (watawala wadogo waliowekwa na serikali) na makarani waliosoma kwa Kiswahili. Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925 alitaka kutawala kupitia machifu, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ikaupa mpango huo miguu. Sasa chifu atakayesimamia kodi, hazina na baraza la mahakama lazima ajue kusoma hesabu na kuandika taarifa. Hapo ndipo Tabora ilipopata kazi: kuchukua watoto wa machifu na kuwaandaa kurithi viti vya baba zao. Mfano uliofuatwa ni shule za bweni za Uingereza za watoto wa wakubwa: viranja wenye madaraka, mabweni yanayoshindana, michezo ya lazima, nidhamu ya kengele. Juu ya masomo ya kawaida waliongezewa mambo ya utawala wa wenyeji.

Kwa nini Tabora na si Dar es Salaam? Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora tangu 1912, ikamalizikia Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafunguliwa 1928. Kijana wa Ukanda wa Ziwa, wa Kigoma, wa Dodoma au wa Pwani, wote waliweza kufika kwa treni. Halafu Unyanyembe kwenyewe, yaani eneo la Tabora, kulikuwa na uchifu wenye nguvu, ukoo wa Fundikira.

Mpango wa machifu peke yao haukudumu. Serikali ilihitaji makarani, walimu, wasaidizi wa tiba na mabwana shamba wengi kuliko idadi ya watoto wa machifu, kwa hiyo mlango ukafunguliwa kwa wenye akili bila kujali ukoo. Kufikia miaka ya 1930 Tabora ilikuwa kituo cha kuchuja vijana wa kwenda Makerere. Julius Nyerere aliingia 1937 akitokea shule ya Mwisenge, Musoma, akatoka 1942, na 1943 alikuwa Makerere kwa diploma ya ualimu. Kweli alikuwa mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki, ila alifika pale kwa kufaulu mtihani. Abdallah Fundikira naye alipita Tabora na Makerere. Rashidi Kawawa, kijana kutoka kusini, alisoma pale pia. Yaani ndani ya miaka isiyozidi 30 shule iliyojengwa kulea machifu ikawa imelea watu waliokuja kuufuta uchifu kwa sheria mwaka 1963.

Wenye nyongeza na masahihisho karibuni.

#2 Faili_la_Vumbi

Uzi mzuri. Nyongeza juu ya mwaka wa kuanzishwa, maana watu hubishana bure. Utaona 1922 kwenye maandishi mengi ya shule na kwenye mtandao, halafu ukifungua kazi za wanahistoria unakutana na 1925. Hakuna kinachopingana pale. Mmoja anahesabu tangu shule ya serikali ilipoanza mjini, mwingine anahesabu tangu ilipopewa sura ya shule ya watoto wa machifu. Ukiandika makala, taja mwaka na useme unahesabu kutokea wapi, utakuwa umemaliza ubishi.

Kwa wanaotaka kuchimba zaidi: usiombe jalada kwa jina "Tabora Boys". Kwenye maandishi ya Waingereza shule huitwa Tabora School, Tabora Central School au Tabora Government School kutegemea mwaka. Ukitafuta kwa jina la leo utaambiwa hakuna kitu, utarudi nyumbani ukiamini majalada yamepotea. Anzia Nyaraka za Taifa pale Upanga, Mtaa wa Vijibweni, omba taarifa za mwaka za Idara ya Elimu kabla ya kuomba majalada ya Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali ya kikoloni. Taarifa za mwaka zina majedwali: shule, walimu, wanafunzi, madarasa. Zikikupa mwaka wa tukio, ndipo unaomba jalada. Ukianza na majalada utazama kwenye barua za mabati na mahindi. Na kwa aliyeko Uingereza, mawasiliano ya Tanganyika na Wizara ya Makoloni yamo kwenye Nyaraka za Taifa za huko, Kew, London, mfululizo wa CO 691.

#3 Kitongo_Nyota

Mleta uzi umenikosha, ila jambo moja. Si Mwalimu alifundisha hapo hapo Tabora Boys baada ya Makerere? Nimeisoma mara nyingi.

#4 Mwana_Isevya

Hapana mkuu, hilo ni kosa linalozunguka sana. Alisoma Tabora Boys, akafundisha St. Mary's, shule ya Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, mji huo huo wa Tabora. Alikuwa pale 1946 hadi 1949, ndipo akaenda Edinburgh. Aliporudi 1952 hakurudi Tabora, alikwenda St. Francis, Pugu, akajiuzulu Machi 1955 kwa ajili ya TANU. Kinachowachanganya watu ni kwamba alipotoka Makerere serikali nayo ilimtaka akafundishe kwenye shule yake, na yeye akachagua ya misheni. Shule mbili, mji mmoja, mtu mmoja.

Na kuna ya tatu ya kutochanganya: Tabora Girls, nayo ya serikali na ya zamani sana. Kwenye orodha za uchaguzi wa kidato cha kwanza na cha tano majina yanafuatana, ukisoma haraka kwenye simu unaweza kumpa kijana hongera zisizo zake.

#5 Chaki_Nyeupe

Nichangie upande wa madarasa na vyeti, kwa sababu wajukuu wengi wanaposoma wasifu wa babu hukwama hapo.

Maandishi ya miaka ya 1940 na 1950 yakisema mtu "alimaliza darasa la kumi Tabora" usidhani aliacha shule njiani. Hesabu ilikuwa inaendelea moja kwa moja: darasa la tisa ndilo kidato cha kwanza, la kumi cha pili, la kumi na moja cha tatu, la kumi na mbili cha nne. Mwishoni mwa darasa la kumi kulikuwa na mtihani wa nchi nzima uliochuja, na wengi waliajiriwa au kwenda kwenye mafunzo ya kazi wakiwa na cheti hicho. Waliobaki walifanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa darasa la kumi na mbili. Chini yake, katika mfumo wa miaka ya 1950, darasa la kwanza hadi la nne ilikuwa shule ya msingi, la tano hadi la nane shule ya kati.

Cheti nacho kinategemea mwaka. Cambridge ilitawala hadi Afrika Mashariki ilipounda baraza lake la mitihani mwaka 1967. Tanzania ikajitoa humo 1971, na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ikaanzishwa kwa sheria ya 1973. Kwa hiyo anayetafuta uthibitisho wa cheti cha babu cha 1958 akaenda NECTA, kapotea njia, atafute Cambridge. Cha 1975 ni NECTA. Cha miaka ya katikati ndicho chenye usumbufu, soma kwanza kichwa cha cheti chenyewe kinasema kilitolewa na nani kabla ya kupanda gari.

#6 Unyanyembe_Asilia

Mmeruka zama nzima. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, ulikuja waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi mwaka huo huo. Ukiusoma kwa jicho la Tabora utaona unapiga kitu kile kile ambacho shule hiyo ilijengwa kukitengeneza: kijana anayejiona tofauti na wanakijiji waliomsomesha. Dawa iliyoandikwa ilikuwa shamba la shule, mifugo, kazi za mikono, na shule yenyewe kuchangia chakula chake.

Miaka ya 1970 shule za sekondari zikagawiwa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu. Kila mwanafunzi alibeba masomo ya mchepuo juu ya masomo ya kawaida. Tabora Boys ikawa maarufu kwa kitu cha ziada, mafunzo ya kijeshi. Kombati, gwaride, ukaguzi wa mabweni, ratiba inayoanza gizani. Watu wa nje walikuwa wakiiita shule ya jeshi, lakini masomo yalibaki ya sekondari na mtihani ulikuwa wa NECTA kama wengine.

Udhaifu wa michepuo ulikuwa wazi. Mchepuo wa ufundi bila mashine zinazofanya kazi ni somo la kuchora mashine ubaoni. Mchepuo wa kilimo unahitaji bwana shamba, mbegu kwa wakati, na mwalimu wa zamu anayejua kwamba ratiba ya mitihani na msimu wa palizi hugongana. Pale ambapo shamba liligeuzwa adhabu ya wachelewaji, wanafunzi walihitimu wakichukia jembe, kinyume kabisa na waraka. Naona watu humu wanazikumbuka zama hizo kwa asali tupu, nikaona niweke na shubiri.

#7 Mwana_Isevya

Nakubali, niliruka. Niongeze kwamba Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni na za watu binafsi chini ya serikali, hivyo upekee wa Tabora kama shule ya serikali ukapungua. Wanafunzi wakaanza kupangwa kutoka mikoa yote. Baadaye ikaingia kwenye kundi la shule za vipaji maalumu pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora Girls. Na hapo ndipo ilipo sasa: dola haitaki tena chifu wala askari, inataka mwanasayansi.

#8 Mama_Nuru

Habari zenu kaka na dada zangu. Kijana wangu yuko kidato cha nne shule ya kata, anazungumza habari ya Tabora Boys na PCM (fizikia, kemia na hisabati) asubuhi mpaka jioni. Naomba kueleweshwa, nafasi zinaombwaje? Niende pale shuleni na matokeo?

#9 Tahasusi_Kwanza

Shikamoo Mama Nuru. Usifunge safari. Shule ya serikali haipokei maombi mlangoni, na atakayekuambia kuna nafasi za kuuzwa ni tapeli. Wanaopanga ni TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Akiwa bado kidato cha nne atajaza fomu ya machaguo shuleni kwake, inaitwa Selform, akitaja tahasusi (mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita) na vyuo anavyopenda. Matokeo yakitoka hufunguliwa muda wa kubadilisha machaguo kwenye mfumo wa TAMISEMI mtandaoni. Anaingia kwa namba yake ya mtihani, ile yenye herufi S, tarakimu nne za kituo, tarakimu nne zake na mwaka. Wengi hupuuza hatua hii ya pili na ndiyo muhimu kuliko zote, maana ya kwanza aliijaza kwa ndoto, hii anaijaza kwa alama zilizo mkononi. Kijana aliyejaza PCM akapata D ya hisabati na A ya baiolojia asipobadilisha, mfumo utamshindanisha kwenye PCM hivyo hivyo, ataangukia asikotaka au abaki nje.

Alama zinasomwa hivi: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo F. Pointi ni 1 kwa A hadi 5 kwa F, zinajumlishwa za masomo saba bora. Daraja la kwanza pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25. Vigezo vilivyotumika miaka ya karibuni kwa kidato cha tano: angalau masomo matatu ya A, B au C (somo la dini halihesabiwi), jumla ya masomo saba isizidi 25, na masomo matatu ya tahasusi yawe na jumla ya 3 hadi 10 bila F hata moja.

Piga hesabu, Mama. C tatu ni 9. C mbili na D moja ni 10. Kwa karatasi huyo anafaa kwenda kidato cha tano, mradi ana C nyingine pembeni. Lakini kufaa kwenda kidato cha tano si kupangwa Tabora Boys. Shule za vipaji huchukua kutoka juu kushuka, na PCM ndiyo yenye msongamano. Mwenye matumaini ya kweli ni mwenye A kwenye fizikia, kemia na hisabati.

#10 Mama_Nuru

Marahaba. Na ada je? Nimesikia bure, nimesikia si bure.

#11 Tahasusi_Kwanza

Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilikuwa 70,000 kwa bweni, ikafutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Bure ni ada. Godoro, shuka, chandarua, sare, madaftari, vifaa vya usafi na nauli ni vyako. Usinunue chochote kabla ya kupakua fomu ya maelekezo ya kujiunga ya mwaka husika, maana rangi ya shuka na aina ya suruali hubadilika, na fundi wa mtaani hajui. Fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe na mganga wa hospitali ya serikali, na vipimo vifanyike mapema, usisubiri wiki ya kuripoti. Masomo huanza Julai, na tangazo hutaja siku ya mwisho ya kuripoti. Ikipita, nafasi anaweza kupewa mwingine.

#12 Bureti_na_Pipeti

Niongezee kijana wa Mama Nuru kitu ambacho hakiandikwi kwenye fomu. Kidato cha sita, fizikia, kemia na baiolojia kila somo lina karatasi ya tatu ya vitendo, na wenye A za nadharia huangukia hapo. Mfano wa kemia: pamanganeti ya potasiamu dhidi ya okzaleti. Unapima okzaleti kwa pipeti, unaongeza asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, unapasha hadi nyuzi 60 au 70 za Selsiasi, unatitrisha, yaani unadondosha pamanganeti kutoka kwenye bureti, ingali ya moto hadi rangi ya waridi hafifu ibaki kama nusu dakika.

Inapoharibika: ikiwa baridi, tone la kwanza linakataa kupauka na mwanafunzi anadhani amefika mwisho. Tatizo ni kwamba ioni za manganizi zinazoharakisha mmenyuko bado hazijazalishwa, kwa hiyo matone ya mwanzo yaende polepole. Ikichemka kabisa, okzaleti inaanza kuvunjika na ujazo unatoka mdogo. Asidi ikiwa chache, inatokea rangi ya kahawia. Na ukitumia asidi ya hidrokloriki badala ya salfuriki, pamanganeti inakula kloridi pia, kipimo kinapanda bila sababu. Bureti ya pamanganeti husomwa mstari wa juu wa kimiminika, kwa kuwa rangi nzito huficha ule wa chini. Shule kongwe faida yake kubwa ni hapa: maabara tatu tofauti na fundi wa maabara, ili mtu ayafanye haya mara nyingi kabla ya mtihani wa Mei. Jina la ukutani halimsaidii mtu kusoma bureti.

#13 Kitongo_Nyota

Hivi na hizi tahasusi mpya zimeifikia Tabora Boys?

#14 Tahasusi_Kwanza

Julai 2024 ziliongezwa 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65, katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Kuwemo kwenye orodha ya wizara hakumaanishi kila shule inazo. Tahasusi inafunguliwa palipo na walimu na vifaa. Kwa hiyo fungua orodha ya shule na tahasusi zake kwenye mfumo wa mwaka huo, tafuta Tabora Boys, chagua kilichoandikwa hapo. Wa PCM hasomi hisabati tumizi ya msingi kwa kuwa ana hisabati ya juu. Wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) anaibeba kama somo la ziada, na wengi huipuuza hadi muhula wa mwisho. Historia ya Tanzania na Maadili imekuwa somo la lazima kwa wote, wa sayansi wasijidanganye kwamba haiwahusu.

#15 Unyanyembe_Asilia

Historia ya Tanzania kuwa somo la lazima, shuleni alikosoma Nyerere! Machifu wangeshangaa.

Swali kwa mtoa mada: matokeo ya kidato cha sita yanasomwaje? Naona watu wanachanganya na ya kidato cha nne.

#16 Mwana_Isevya

Vipimo tofauti kabisa. Kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, chini yake F. Pointi 1 hadi 7, na zinahesabiwa za masomo matatu ya tahasusi tu, somo la ziada halimo. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17, la nne 18 na 19. Kwa hiyo "one ya 7" (daraja la kwanza, pointi 7) ya kidato cha nne ni A saba, yaani hakuna ya juu zaidi, ila "one ya 7" ya kidato cha sita ni kama B, B na C. Ukiona mtu ameibandika humu, muulize kwanza ni ya kidato gani.

Nikipata nafasi nitakusanya yaliyosahihishwa nihariri bandiko la kwanza. Mwenye picha za majedwali ya taarifa za mwaka za Idara ya Elimu aziweke, hasa za kabla ya 1940.

#17 Faili_la_Vumbi

Nyaraka za Taifa kupiga picha kuna utaratibu wake, uliza mezani kabla ya kutoa simu. Kalamu ya wino hairuhusiwi chumba cha kusomea, beba penseli.